Manyoya ya Yangeyange

Jumatano, 8 Julai

Mvua bado. Kuni zimelowa, moshi unarudi puani mwangu badala ya kupanda juu. Lakini leo sijali! Nimesikia habari kubwa, tena kwa njia yangu ya kawaida, yaani kutega sikio kwenye bomba la maji lililo nyuma ya tanuri. Bomba lile linaniletea kila neno linalosemwa ndani ya bwawa la wanaume. Shangazi Kikue, mwenye bafu hili la mtaa, anadhani huku nyuma naangalia moto.

Aliyekuwa akisema ni Mzee Onuki, taulo kichwani kama kawaida yake. Huyu ni mng'oa meno mstaafu, na ndiye mwenyekiti wa Chama cha Picha za Mbao hapa mtaani. Wazee wa chama hicho hukusanya picha zilizochongwa kwenye ubao na kugandamizwa kwenye karatasi, za enzi za mababu na za siku hizi, na huzipenda kuliko wake zao. Alisema mwanachama mmoja amehamia Kyushu kwa binti yake. Nafasi moja iko wazi. Kisha akasema jambo la pili, nikaangusha koleo juu ya kidole changu cha mguu.

Kila mwaka chama huagiza picha mpya. Wakishapata wanachama, ubao unakwanguliwa, basi, hakuna nyingine duniani. Na picha ya mwaka huu ni bafu letu! Bafu, paa, na bomba letu la moshi, refu kuliko kila kitu mtaani. Bomba hilo mwezi wa Agosti linakatwa, tunahamia gesi.

Sasa nauliza. Nani analilisha bomba lile kuni tangu shule iliponiacha? (Wapo wanaosema mimi ndiye niliyeiacha. Kesi hiyo haijaisha.) Nani anayo kila picha aliyowahi kuchonga Dada Chikage, mchongaji wa chama, isipokuwa zile za chama? Mimi! Halafu picha ya bomba langu wagawane wang'oa meno, na bafu letu lipewe asante ya sanduku la keki? Shangazi hakulalamika. Shangazi haombi kitu kwa mtu. Mimi naomba, na nikinyimwa natafuta dirisha.

Wakati huohuo bomba la maji likaleta sauti nyingine, laini kama sabuni. Norihiko! Mwanafunzi wa chuo, anasomea sanaa, anaoga na miwani. Anasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba naye angependa kufikiriwa.

Nimeongeza kuni. Tuone unyenyekevu wake kwenye maji ya moto.

Alhamisi, 9 Julai

Maji ya moto yamemtoa Mzee Onuki. Norihiko yeye hakuwa hata ameingia, alikuwa bado anajisugua visigino.

Mpango wa kwanza wa leo: kumlainisha mwenyekiti. Nimejitolea kumsugua mgongo bure. Akakubali, akasema nina heshima kuliko nilivyo na sura. Nikasugua huku namweleza sifa zangu moja baada ya nyingine, na kwa kuwa sifa zangu ni nyingi, mgongo ukawa mwekundu kama pweza aliyechemshwa. Akaniomba niache sifa nyingine kwa siku nyingine.

Lakini masharti nimeyapata. Mvua zikiisha, ile Jumapili ya kwanza kavu, ni Siku ya Kuanika. Chama kizima hukutana nyumbani kwake, wanatoa picha kwenye masanduku zipigwe na upepo, unyevu utoke, wadudu wafe. Anayetaka nafasi aje na karatasi mbili, moja ya zamani na moja ya siku hizi, aziweke mbele ya wazee, wazitazame. Wao hutazama picha, na pia humtazama mtu anavyoishika picha.

Ya siku hizi ninayo. Ninayo nyingi mpaka godoro langu limeinuka upande mmoja. Ya zamani sina hata moja. Kitu kidogo tu.

Jumamosi, 11 Julai

Nimekwenda kwa Dada Chikage, karakana yake iko juu ya duka la tofu. Dada huyu ana mikono kama ya mvuvi na hacheki ovyo. Yeye ndiye aliyechonga lile zimwi la mtoni linalosubiri nguo zake kwenye mashine ya kufulia, likiwa limevaa chupi tu na uso umejaa aibu. Wazee walipoliona mara ya kwanza waliguna. Sasa wanaligombania. Hiyo ndiyo nitapeleka Siku ya Kuanika.

Nilimbebea vidonge vitamu vya unga wa mchele, vya mshikaki, ili anipigie debe. Akasema yeye ni mchongaji, hapigi kura. Basi nikaanza kula mshikaki mwenyewe.

Nikiwa nakula nikaona kichekesho. Dada kaweka karatasi juu ya ubao, kainama, anakandamiza kwa kiwiko cha mkono, jasho linamtoka, na ubao hauna rangi hata tone! Nikacheka mpaka kidonge kikakwama. Nikamwambia, Dada, uzee umeingia mapema, umesahau wino. Akanikata jicho. Akaanza kunieleza kirefu kwa nini anafanya hivyo, mambo ya wataalamu wa zamani na mwanga wa pembeni na sijui nini, lakini kidonge cha mwisho kilikuwa na mchuzi mwingi na ulikuwa unadondoka, nikalazimika kuushughulikia. Nilitingisha kichwa pale ilipofaa. Mimi kusikiliza ninajua sana.

Jumatatu, 13 Julai

Gulio la uwanja wa hekalu. Nimeamka mapema ili niwahi vitu vizuri kabla Norihiko hajaamka na kujipaka mafuta.

Nimeipata! Picha ya mlima, karatasi imekuwa ya njano, pembe moja imeliwa na wadudu, kila kitu kinasema zamani. Muuzaji aliapa kwa mama yake. Nikarudi natembea katikati ya barabara kama mfalme.

Norihiko nikakutana naye mlangoni kwa Shangazi, ameshika beseni lake la kuogea. Sikutaka kumwonyesha. Nikamwonyesha. Akavaa glavu nyeupe (anatembea nazo mfukoni, huyu mtu!), akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti, taratibu, tangazo la kiwanda cha biskuti za mchele pamoja na namba ya simu. Ni kalenda. Akasema ina thamani yake kwa upande wa historia ya biskuti.

Nilicheka pamoja naye ili asijue kwamba hanichekeshi.

Kisha nikaenda kukaa mbele ya moto nifikirie. Nikafikiri sana. Na fikra ikaja: droo ya chini ya kabati la Shangazi.

Jumatano, 15 Julai

Ndani ya droo ile kuna ndege wawili, yangeyange, wamesimama kwenye theluji. Weupe juu ya weupe, midomo myeusi, miguu myeusi, na anga la kijivu nyuma. Ni picha ya zamani kweli, mababu wa mababu. Marehemu Mjomba Tatsugoro alimnunulia Shangazi katika safari yao ya kwanza baada ya harusi, wakala tambi za maji mwezi mzima kwa ajili yake. Shangazi huitoa mwaka mpya tu. Anakaa nayo karibu na dirisha, anaiinua usawa wa macho, anaiinamisha huku na huku kama mtu anayepima chai kwenye kikombe. Sijawahi kuuliza anatafuta nini. Watu wazima wana mambo yao.

Nilimwandaa. Nikafagia vyumba vya kubadilishia nguo bila kutumwa. Nikapanga chupa za maziwa kwenye friji, sura zote zikitazama mbele. Shangazi, pale juu kwenye kiti chake cha mlangoni, akaniuliza nimevunja nini.

Nikamweleza. Nilikuwa nimepanga hotuba ya machozi, lakini nilipofika kwenye bomba la moshi, machozi yakaja yenyewe bila hotuba, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Nilimwambia Agosti hatutakuwa nalo, na picha yake itakuwa kwenye masanduku ya watu wengine.

Shangazi alimrudishia mteja chenji. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Ichukue. Lakini irudi kama ilivyotoka, Ginji. Kama ilivyotoka."

Nikaapa. Ninaapa vizuri, nimezoea.

Jumamosi, 18 Julai

Jua! Mvua zimekwisha, redio imesema, na wadudu wa kwenye miti wameanza kelele. Kesho ndiyo Siku ya Kuanika.

Nimeitoa picha mchana huu nikaikagua kwa makini kama mtaalamu. Na nikaona balaa ambalo Shangazi, maskini, na macho yake ya uzee, hajaliona miaka yote hii. Yangeyange wana makunyanzi! Mwili mzima. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaona mistari midogomidogo imejaa kwenye mabawa, shingoni, mpaka kwenye theluji chini. Imekunjamana kama shuka la mtu mwenye homa. Bila shaka ni unyevu wa bafu. Nikapata uchungu kweli. Picha nzuri namna hii, na imeachwa ikaharibika!

Mtu mwingine angeogopa. Mtu mwingine angeipeleka vilevile na kuaibika mbele ya wazee. Mimi nina akili. Tena sikukurupuka. Maji sikutia hata tone, kwa sababu najua maji yanayeyusha rangi, mimi si mtoto. Nikatandika taulo safi juu ya meza, nikaweka picha kifudifudi, nikafunika na taulo jingine, nikachukua pasi. Moto wa sufu, sio wa pamba. Nikapiga polepole kwa heshima, kuanzia mkia kwenda shingoni.

Ilichukua muda, yalikuwa magumu yale makunyanzi. Yalishikilia. Ilibidi nilale juu ya pasi kwa uzito wangu wote.

Sasa ni laini kama tofu! Ukipitisha kidole hukutani na kitu. Ukiinamisha kwenye mwanga, weupe mtupu, safi, mtulivu. Sijamwambia Shangazi, nataka iwe zawadi. Atakaporudishiwa atadhani ni mpya.

Norihiko amepita jioni kuuliza kama nitakwenda na kalenda yangu. Nikatabasamu tu. Nimelala chali nikitabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jumapili, 19 Julai

Nimenoa penseli mara tatu kabla ya kuandika.

Tuanze na mazuri. Nyumba ya Mzee Onuki, chumba cha juu, madirisha ya pande mbili yamefunguliwa na upepo unapita. Kamba zimefungwa huku na huku, picha zimening'inia kivulini, nyingine zimelazwa juu ya mikeka. Waigizaji wenye macho ya makengeza, madaraja ndani ya mvua, warembo wanachana nywele. Na katikati yao kazi mpya, mbwamwitu kwenye ngazi za umeme, mashine ya kuuza vinywaji peke yake kwenye theluji. Nilisahau kidogo kwamba nimekuja kushinda. Nilisimama tu, mdomo wazi, mpaka mzee mmoja akaniomba niufunge, mate yasirukie picha.

Norihiko alianza. Akavaa glavu zake. Mzee Onuki akamwambia azivue, karatasi inashikwa na mkono mtupu uliooshwa, mkono ujue umeshika nini. Nilifurahi sana! Picha yake ilikuwa mwigizaji wa zamani, zambarau ya joho imekwisha kuwa kahawia. Wakasema inafaa. Inafaa tu, wala sio zaidi.

Zamu yangu. Kwanza zimwi la mashine ya kufulia, wakacheka kwa upendo, Dada Chikage kule pembeni akajifanya anatazama dari. Kisha nikafungua kitambaa, nikawatoa yangeyange.

Chumba kilivuta pumzi. Jamani, nilisikia! Mzee Onuki akasogea kwa magoti. Akasema picha hii anaifahamu, aliiona mara moja zamani, Tatsugoro alipomwonyesha, na toka siku ile ameiota. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaenda nayo dirishani. Akaiinua usawa wa macho, akaiinamisha mwanga uingie kwa pembeni. Akaigeuza upande wa pili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaigeuza tena.

"Manyoya yako wapi?" akauliza.

Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Nikanyoosha mgongo. Nikasema: "Manyoya gani, Mzee? Kulikuwa na makunyanzi tu. Nimeyanyoosha yote kwa pasi."

Upepo ukapita kwenye kamba. Norihiko alikuwa amekaa, lakini akakaa zaidi.

Basi wakanieleza, kwa zamu, kwa upole, kama wanavyoeleza watu hospitalini. Mafundi wa zamani, wakitaka ndege mweupe juu ya theluji nyeupe, rangi wangeitoa wapi? Walichonga kila unyoya kwenye ubao, wakalaza karatasi juu yake, wakakandamiza kwa kiwiko bila rangi. Picha inabaki ndani ya karatasi yenyewe. Haionekani mpaka uinamishe kwenye mwanga, na hapo yangeyange wanajikung'uta theluji mbele ya macho yako. Wamekaa hivyo tangu enzi za wapiganaji wenye panga, wakapona moto, wakapona tetemeko, wakapona vita.

Hawakupona mimi.

Dada Chikage alikuwa amejifunika macho kwa mkono. Nikakumbuka kiwiko. Nikakumbuka na vidonge vya mshikaki. Ule mchuzi ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Mzee Onuki hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alikikunja kile kitambaa taratibu juu ya picha kama anafunika mtu aliyelala, akaniuliza swali moja tu. Kama Kikue anajua.

Jumatatu, 20 Julai

Sikukuu, bafu limejaa watu. Mipango yangu ya kumwambia Shangazi ilikuwa mizuri. Wa kwanza: kuirudisha kwenye droo bila neno na kuhamia mbali, Hokkaido, kabla ya mwaka mpya. Wa pili: kusema ni unyevu. Nikachagua wa pili. Nikapanda mlangoni, nikaanza kulaumu hali ya hewa ya mwaka huu.

Akaniacha niseme mpaka mwisho. Kumbe Mzee Onuki alikwisha kupita asubuhi.

Alinyoosha mkono, nikampa. Akageukia dirisha dogo la nyuma ya kiti chake. Akainua picha usawa wa macho kama kila mwaka mpya, akainamisha huku, akainamisha kule. Wateja wakapanga foleni na mabeseni yao, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alitazama muda mrefu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kisha akaniuliza nilitumia moto gani. Nikasema wa sufu. Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ni jambo la kuridhisha. Akarudi kwa wateja.

Angenipiga ningejua la kufanya, ningekimbia. Lakini mtu akikutikisia kichwa unakimbilia wapi? Nimesugua bwawa la wanaume na la wanawake, vigae vyote, mpaka vile vya juu ambavyo hakuna mtu amewahi kuvigusa. Chakula cha jioni alinipakulia kama kawaida, na kipande kikubwa cha samaki kilikuwa kwangu. Sikukimaliza. Andika hiyo, shajara, kwa sababu haitatokea tena.

Ijumaa, 24 Julai

Nafasi amepewa Norihiko. Ndiyo hivyo. Amekuja kuoga na kunywa maziwa yake ya chupa, akaniambia kwa huruma kwamba mwaka huu ushindani haukuwa mkali kama alivyotarajia. Nikampongeza. Nikaongeza kuni. Safari hii nilichungulia kwanza nihakikishe yumo. Alitoka mwekundu na miwani imejaa ukungu, akaingia mlango wa wanawake. Kelele zilizopigwa zilinipa nguvu ya kuishi siku nyingine.

Lakini sikuja kuandika hayo. Toka Jumanne nimekuwa kila siku kule juu ya duka la tofu, nimemganda Dada Chikage kama ulimbo. Alinifukuza. Nikarudi. Akanifukuza na ufagio. Nikarudi na tofu. Mwishowe akasema karatasi nzuri ina kumbukumbu, ikipata unyevu kidogo inaweza kukumbuka ilivyokandamizwa, kidogo, labda, yeye haahidi. Akaiomba picha kwa Shangazi mwenyewe, akawalaza yangeyange kati ya karatasi zenye unyevu, akaniambia nikae mbali, nisiguse, nisipumue upande ule. Nikakaa kwenye ngazi. Kukaa tu, bila kufanya kitu! Hamjui ilivyokuwa kazi.

Leo akaitoa picha. Tukaipeleka kwa Shangazi pamoja, mimi nikiwa nyuma ya mgongo wa Dada kwa usalama.

Shangazi akageukia dirisha lake. Akainamisha.

Yule wa kushoto amerudi. Sio wote, lakini bawa limerudi, na shingo, na kifua kidogo, manyoya mepesi kama pumzi kwenye kioo. Yule wa kulia hana kitu. Laini. Pale ndipo nilipolala juu ya pasi.

Shangazi akatazama, akatazama. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikaanza kutafuta mlango.

"Huyu mwenye kipara," akasema, "ni Tatsugoro."

Na akacheka! Alicheka mpaka akashika ukingo wa kiti. Alisema Mjomba alikuwa hivyohivyo, kipara mpaka shingoni, na akisimama kwenye baridi alijikunyata vilevile kama ndege huyu, akidai hasikii baridi. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa taulo la mteja. Dada Chikage, ambaye hacheki ovyo, alichekea puani.

Mimi nikasema kwamba ndivyo nilivyokusudia. Wote wawili wakaniambia ninyamaze.

Jumamosi, 1 Agosti

Siku kubwa! Kubwa kuliko zote!

Mafundi wamekwisha kufunga vyuma kuzunguka bomba la moshi, Jumatatu linashuka. Nilikuwa nalilisha chakula chake cha mwisho, mbao kavu nzuri kutoka nyumba iliyovunjwa, likitoa moshi wa heshima, ndipo Dada Chikage akaja nyuma kwenye tanuri na bahasha kubwa bapa. Akasema wanachama wamekwisha kupata picha zao na ubao umekwanguliwa. Lakini katika kuchapa kuna karatasi moja ambayo rangi nyekundu ya paa ilisogea unywele mmoja, haifai kwa chama, ni ya kutupa. Akaniambia nikiitaka niitupe mimi.

Bafu letu! Paa, noren, lile pazia la mlangoni, bomba, anga la jioni linaloanza bluu na kuishia pichi. Na moshi, jamani, ule moshi hauna rangi! Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unapanda wenyewe, unajizungusha, umekandamizwa kwa kiwiko. Ndiyo kazi niliyoicheka siku ile. Na chini kabisa, kwenye kamlango ka nyuma, yuko kijana na koleo. Pua kubwa kidogo kuliko ukweli, lakini ni mimi. Niko kwenye picha! Norihiko anaye yule kijana kwenye sanduku lake, na kila akifungua sanduku atanikuta.

Sikuweza kusema kitu. Dada akafurahi, akasema hajawahi kuona nimekosa maneno. Kisha akanishika sikio, akaniapisha: pasi, kamwe. Nikaapa kwa kipara cha Mjomba. Na nimeshika kiapo, shajara ni shahidi. Pasi sijaigusa, hata kuitazama. Mtu mwenye akili anafundishwa mara moja tu.

Shangazi aliitazama dirishani muda mrefu, akanirudishia, akasema niitunze kama mtu mzima. Basi mchana nikaenda dukani kununua fremu nzuri ya plastiki ya dhahabu, itundikwe juu ya bwawa la wanaume, mahali penye jua, kila mtu aone. Kufika nyumbani, fremu ndogo! Karatasi inazidi pande zote.

Nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Nikaona tatizo si fremu. Tatizo ni ule ukingo mweupe unaoizunguka picha, hauna kazi yoyote. Hakuna picha pale. Kuna muhuri mwekundu wa Dada tu, na maandishi ya penseli, "Kwa Ginji, mtu wa moto", na tarehe. Jina langu ninalijua, na tarehe iko kwenye simu.

Nimekata vizuri sana, mstari umenyooka, hakuna fundi angeweza kuliko hapo. Imeingia kwenye fremu kama mguu kwenye soksi.

Na nilipokuwa naitazama inavyong'aa juu ya mvuke, fikra ikaja. Picha zote za Mzee Onuki zina kingo zilezile nyeupe! Nyingine pana mpaka vidole viwili, maskini, ndiyo maana wanazifungia kwenye masanduku, hawapati fremu. Wazee wale, mikono inatetemeka, nani atawakatia? Kesho ni Jumapili, mzee atakuwa kwenye mchezo wake wa gofu mpaka mchana, na mke wake ananipenda. Nitamaliza sanduku zima kabla hajarudi. Mwaka ujao ikitokea nafasi, hawatathubutu kumtaja mtu mwingine.

Mkasi nimeshaunoa.